Kufuli la Mama Odeta

Mwanangu, kabla hujaondoka na hivyo vyuma vyako nikwambie: ipo siku moja ya gulio ambayo ikinijia kichwani nainuka nilipokaa, nazunguka ua, narudi kukaa, nainuka tena. Na wewe unanijua, mimi si mtu wa kuinuka. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walikwenda Kigoma mjini, wengine Dar, mmoja akafika mpaka Kahama kwenye machimbo. Mimi nilifika mpaka chooni na kurudi. Ukinicheka, cheka taratibu, maana upara huu unaouona ndio utakaourithi.

Mwili ulitulia hapa nyumbani, lakini vidole vilikataa kabisa. Vilianza na kufuli la stoo. Shangazi Leokadia, dada yake baba aliyenilea, alipoteza ufunguo. Maharage yalikuwa ndani na sisi tulikuwa nje na njaa zetu. Nikachukua njiti ya mwavuli uliovunjwa na upepo, nikaikunja ncha, nikachokonoa weee, mpaka kufuli likachoka lenyewe likafunguka. Shangazi akapika, tukala, na mimi nikawa nimeshapotea.

Tangu hapo kila takataka niliiona ni chombo. Njiti za mwavuli, spoku za baiskeli, vipande vya msumeno wa chuma vilivyokatikia kwa fundi baiskeli, utepe wa bati unaofungia marobota ya mitumba, makopo ya mafuta ya msaada yaliyotoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi. Tupa sikuwa nayo, hivyo nilivisugua kwenye jiwe la kunolea mundu mpaka vikawa vyembamba vya kuingia kwenye tundu la ufunguo. Nilikuwa silali mchana, sili vizuri, nikiona kufuli kwa jirani mikono inawasha. Siku moja Shangazi alikuwa anaanua nguo, akaona sidiria yake imelegea upande mmoja. Akanitazama, akautazama waya mkononi mwangu.

"Wewe mtoto, na hii nayo ulikuta ina kufuli?"

Watu wakaanza kuja. Waliopoteza funguo za minyororo ya baiskeli, mwalimu mgeni kutoka Tanga aliyejifungia nje akiwa na taulo tu. Vijana wa bodaboda wakipita barabara ya Kibondo walinipigia kelele, "Daktari, mgonjwa vipi?" nami nawajibu, "Anapumua!" Sheria yangu ilikuwa moja: mwenye mali asimame mbele yangu aseme hiki changu. Bila hivyo sigusi. Nilidhani sheria hiyo inatosha kunifanya mtu mwema.

Basi mwaka 2015 Warundi wakamiminika upya, Nyarugusu ikafura. Siku ya gulio, mchana, akaja mwanamume anasukuma baiskeli, juu yake sanduku kubwa la kijani. Nyuma yake mwanamke, mtoto mgongoni, mkono mmoja ameushikiza kwenye sanduku kana kwamba litakimbia. Mwanamume aliitwa Dezire. Mwanamke ni shemeji yake, Mama Odeta.

"Weye ndiye wa kufuli?" Dezire akauliza.

"Ndiye. Sanduku la nani?"

"Valizi ni ya huyu, mke wa kaka yangu. Ufunguo kaka anao. Alituleta mpaka mpakani, akasema anarudi kuifunga nyumba, halafu atatufuata. Mpaka leo. Watoto wanalala na baridi na nguo zimo humu ndani."

Baridi ya huku juu unaijua, hasa ukiwa ndani ya turubai. Nikamgeukia mwanamke.

"Mama, ni lako?"

"Ego, ni langu." Akapapasa kufuli, la shaba, zito. "Bwana wangu alisema hili halifunguki bila yeye."

Alisema kama mtu anayemsifu mumewe. Mimi nikasikia natukanwa.

Nikaanza kazi. Shangazi akaita kutoka jikoni, "Mpe mgeni maji kwanza, apumzike!" Sikusikia, au nilisikia nikaona maji yatasubiri. Waliokuwa wanatoka gulioni wakaanza kusimama uani, na wewe mwanangu unajua mtu wa kukaa ndani akipata watazamaji anavyokuwa. Nikainama kwa mbwembwe, nikaweka sikio kwenye kufuli kama namsikiliza mjamzito. Waya wa kwanza ukakatika.

"Basi," Mama Odeta akasema upesi. "Imeshindikana. Dezire, twende."

Alikwishalishika sanduku. Uso wake uling'aa ghafla, akawa msichana. Nikadhani ananionea huruma.

"Kaa mama, kaa! Bado sijaanza!"

"Daktari kaua!" kijana mmoja akacheka, nami damu ikanipanda. Nikatoa kile kipande changu cha msumeno, chombo nilichokipenda kuliko ndugu zangu, nikasukuma, nikatikisa, nikabonyeza. Kufuli likaachia. Watu wakapiga makofi. Nikasimama kidogo nipigiwe vizuri.

Mama Odeta hakupiga makofi. Alipiga magoti, akafungua kifuniko. Masweta ya watoto. Blanketi. Vitenge vyake, vimekunjwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Akatoa kimoja kimoja akikiweka mapajani, halafu akaanza kutoa harakaharaka, mpaka akafika chini, akapapasa pembe zote.

"Shati lake," akasema, wala hakuwa anasema na sisi. "Hakuweka hata shati moja."

Dezire akainamia tairi la baiskeli yake kama lina pancha. Makofi yakafa. Wenye vikapu wakakumbuka wana safari.

Akarudisha kila kitu, isipokuwa masweta ya watoto. "Lifunge," akaniambia. Nikalibana kufuli likalia. Akalivuta kuhakikisha, wakaondoka.

Shangazi alikuja na kikombe cha maji, akakuta ua mtupu. Akayanywa mwenyewe.

"Yule hakuja umfungulie," akasema. "Alikuja ushindwe."

"Shangazi, watoto wana baridi."

"Wana baridi, ndiyo. Na shemeji mtu kamkalia kooni, fungua, fungua. Akamwambia haya, twende kwa fundi, akiamini fundi atashindwa, warudi wamngoje mwenye ufunguo. Waya ulipokatika hukumwona uso?"

"Nilimwona."

"Ukadhani nini?"

Nikaanza kuokota vipande vya waya uliokatika.

"Ungemwambia aje gulio lijalo. Masweta tungewaazima. Angekuja kulifungua siku yake, si siku yako."

Nilivitupa vile vyombo chini ya kitanda, nikavitoa, nikavitupa tena. Gulio lililofuata Mama Odeta hakuja. Wanawake waliokuja kuuza sabuni kutoka kambini walituambia kwamba zamani mabasi ya wageni wapya yakifika, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusimama, anakagua kila anayeshuka. Sasa alikuwa haendi tena. Watoto walikuwa wamevaa masweta, wamepata joto. Dezire alinitumia salamu za shukrani. Salamu hizo sikuzirudisha.

Kama yule mume alikuja, sijui. Sikuuliza, na wewe usiniulize. Labda alijua tangu mwanzo kwamba hafuati. Labda alipofungasha aliwafikiria wao tu, akasema shati lililoko mwilini linatosha. Kinachonikosesha raha ni hili la pili: kwamba siku moja alishuka kwenye basi, ufunguo mfukoni, akatafuta uso mmoja katikati ya watu, asiuone.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Okota vyuma, sugua, jifunze, sikukatazi. Ni afadhali kuliko kukaa kijiweni kubishania mpira. Lakini mtu akikuletea kilichofungwa, usimuulize tu kama ni chake. Muulize kama anataka kifunguke leo, halafu nyamaza, utazame mikono yake. Ukiona anasita, mwambie chombo kimevunjika, aje siku nyingine. Uongo huo nitakwenda kuutetea mimi. Na kama kuna mtoto anayeumia kwa kusubiri huko, vua sweta lako umpe, kwa sababu haraka yake unaweza kuibeba wewe bila kumvunja mama yake. Watu wakikucheka kwamba umeshindwa, wacheke. Kuchekwa kunapona, mimi nimechekwa maisha yangu yote na bado ninakula vizuri.

Nenda salama. Mungu akubariki mikono iwe myepesi na moyo usiwe na papara. Akujalie watu wa kukungoja barabarani, na wewe akujalie kufika.