Unga wa Ua Mbele ya Mimbari

Nyumbani kwetu Kimanga nina vyungu viwili vya mimea ya ukoo wa nanasi, ile inayopandwa kwa ajili ya maua tu. Kila shina huchanua mara moja maishani, huacha vichipukizi, kisha hufa. Kwa hiyo ule mwekundu na ule wa njano ilipochanua pamoja, nilikaribia kuruka. Nilitaka kuiozesha, mmoja kwa mwenzake, nipate mmea ambao Uvira nzima haijawahi kuuona.

Kazi yenyewe ni nyepesi, hata wewe utaiweza. Kila asubuhi hufunguka viua viwili vitatu kwenye shina, jioni vimenyauka. Kwa pense, kile kibano cha nyusi, unang'oa vijinyuzi vya unga kwenye kiua cha njano, kisijizalishe chenyewe. Kisha unapakaza unga wa kiua chekundu kwenye ncha yake ya katikati. Basi.

Jumamosi nilirudi kutoka sokoni nikakuta shina jekundu limekatwa.

"Minye nimekata, nimepeleka kanisani," mama mkwe akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Kesho pasta wa Kiringye iko anakuja. Weye unataka akute mimbari iko uchi?"

Kwetu mgeni wa kanisa hupokewa kwa maua ya kila nyumba, na kilichopelekwa mbele ya Mungu hakirudishwi. Lakini ua likiwa ndani ya maji huendelea kufunguka. Na unga si ua!

Jumapili alfajiri nikaandaa kiua cha njano, nikakimbilia kanisani. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Nikapiga magoti mbele ya kopo la maua, nikazuia pumzi, maana unga ule ukihemewa umepotea. Kiua kimoja chekundu kilikuwa wazi. Nikang'oa vijinyuzi vyake kwa pense.

Kwaya ikakatiza wimbo, ikanigeukia.

"Huyu mama iko anaguswa na Roho!" mwimbaji mmoja akapaza sauti. "Tumuombee!"

Mikono ikanishukia kichwani, sijui mingapi. Kicheko kikanipanda, mabega yakaanza kuruka. Wakaona yanaruka, wakazidisha maombi. Nilikuwa nimeubana unga kwenye pense, chini kabisa ya pua yangu.

"Amina!" nikasema kwa meno yaliyofungwa. Nikaukunja unga katika kikaratasi, nikatoka mbio.

Mlangoni nikapishana na mama mkwe.

"Weye! Ibada haijaanza, unaenda wapi?"

"Narudi, Mama! Narudi!"

Nyumbani nikapakaza, mara tatu, niwe na hakika. Nikarudi ibadani nimechelewa, nikaimba kuliko kwaya.

Siku zikapita. Viua vingine vya njano vikakauka vikaanguka. Nikaanza kuogopa kutazama; nikamsimulia mama mkwe yote, nikawa nampisha amwagilie yeye.

Asubuhi moja akapiga kelele uani. "Imeshika! Kuja uone, imeshika!"

Chini ya kiua changu palikuwa na uvimbe wa kijani, mgumu, mkubwa kuliko punje ya mchele.

"Itatoka rangi gani?" akauliza.

"Hata minye sijui, Mama. Tutangoja miaka."

"Miaka!" akacheka, akanishika mikono yote miwili, tukarukaruka pale uani mpaka kitenge chake kikafunguka.