Mabonde Mawili Yaliyofanana

Majirani wakimwona mpima nyota anarudi kutoka kazini, humletea maswali ya ndoa na bahati, kana kwamba ni mpiga ramli. Yeye hucheka tu. Laiti kazi yake ingekuwa rahisi hivyo. Kutwa nzima yuko mbele ya kompyuta, kwenye chumba chenye feni mbovu, akitafuta nyota mbili zinazozungukana. Moja ikipita mbele ya mwenzake mwanga hupungua, na mstari kwenye kioo hushuka kama bonde.

Taabu huja nyota zikifanana mno. Mabonde yao huwa sawasawa, na mpimaji mvivu huona bonde moja linalojirudia. Hudhani nyota ni moja tu, na mwenzake ni kidubwana kisicho na mwanga.

Siku moja alinasa kosa la namna hiyo. Aliyagawa mabonde kwa zamu, moja kundi hili, linalofuata kundi lile, akalaza kundi moja juu ya jingine. Yalipishana kina, ingawa kidogo mno.

"Mkuu, hizi ni mbili," alimwita bosi wake.

Mkuu akakodoa macho. "Sasa ipi ni ipi?"

"Bonde likienda chini zaidi, iliyofichwa ni ile yenye joto zaidi."

"Una macho wewe."

Sifa hiyo haikumfurahisha. Naye alizaliwa pacha. Homa ilimchukua mmoja wao kabla hawajaanza shule, na mama yao mdogo aliwahi kuropoka kwamba msibani watu walibishana amekufa yupi, hadi mama akakata shauri. Tangu asikie hayo hakuwahi kuwa na raha. Akinunua gauni huona haya, kana kwamba amevaa la mwenzake. Na sasa mama alikuwa mahututi. Swali lisingeulizwa, jibu lingezikwa naye.

Alitoka kazini akaenda moja kwa moja kwa mama. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumsugua miguu.

"Mama, siku ile ulijuaje aliyekufa ni yupi? Tulifanana."

"Kwa watu mlifanana. Mimi niliwazaa."

"Kwa hiyo hukukosea." Moyo wake ulitua.

Mama akageukia ukuta. "Sikukosea, mwanangu. Nilidanganya. Aliyekufa ndiye niliyempenda zaidi. Ningekaaje kwenye nyumba ambamo jina lake haliitwi? Nikakupa wewe."

"Na langu?"

"Lako tulilizika. Nisamehe."

Binti alitaka kukasirika, akashindwa. Kilichomjia ni woga. Miaka yote hiyo, kila alipokwenda makaburini kufyeka majani, alisimama mbele ya jina lake mwenyewe na kuliombea lipumzike.