Bati Moja, Nyumba Mbili

Mwanangu Mwende, iko Jumamosi moja ya Soweto West, kule Kibera, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na akina mama wa kanisa walifika kwangu wamebeba viatu mkononi, matope mpaka kwenye vifundo, wakiimba tangu kule kwenye mtaro. Walikuja kuombea nyumba yangu. Ni mimi niliyewaita, na nilichowaitia hakikuwa kizuri.

Ulipopiga simu juzi ukaniambia umepata chumba cha kupanga, hiyo mnayoiita keja, huko Gatina, nilifurahi sana. Halafu ukaniambia tangu uhamie mtoto anakohoa, kazi imepungua, na yule mama wa mlango unaotazamana na wako anakuangalia vibaya, kwa hivyo unataka kikosi cha maombi kije kikufungie mipaka, adui asiingie. Nikanyamaza. Ukadhani mtandao umekatika, ukaanza haloo, haloo. Mtandao ulikuwa sawa. Mimi ndiye nilikuwa nimerudi Kibera.

Wewe huikumbuki nyumba ile. Chumba kimoja tu, kitanda huku, jiko kule, na katikati pazia ambalo baba yako alilipigia misumari ili wageni wasijue tunalala wapi, kana kwamba wangekosa kujua. Lakini usinione hivi, niliipenda. Nilikuwa nimetoka Kitui juzi juzi, bibi harusi, na baba yako alikuwa fundi wa mbao, akirudi jioni na vumbi la randa kwenye nywele. Asubuhi ungesikia ploti nzima, vyumba vyote vya mstari wetu, ikiamka: huyu anakohoa, yule anapiga mswaki, redio moja inawatosha watu wote. Nikikosa chumvi sikuwa na haja ya kutoka nje, nagonga ukuta tu, na chumvi inakuja. Leo nakaa Kabiro kwenye nyumba ya mawe, maji yako ndani, na kuna siku natamani zile kelele mpaka naona uchungu. Cheka tu, uzee utakufikia.

Chumvi ilitoka kwa Akinyi, jirani yangu wa upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mtu wa kutoka ziwani, mrefu, mwenye kucheka kwa nguvu, na aliuza omena, wale dagaa wa kwao. Mumewe alikwenda kutafuta kazi Mombasa akapotelea huko. Alimwachia mtoto mmoja, Ochieng, na kila alfajiri Akinyi akienda kuchukua omena sokoni alinipa mimi huyo mtoto.

Hapo unielewe. Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kwa ndoa kitambo bila mtoto. Kwenye ploti ambayo kila mwanamke ni mama fulani, mimi niliitwa Mwikali tu. Watu hawakuwa na nia mbaya, lakini jina hilo kila likiitwa liliniuma. Sasa Ochieng nikimfunga mgongoni kwa leso nikienda kununua mboga, wenye vibanda wasionijua waliniambia, "Karibu, mama." Na mimi sikuwasahihisha. Alikuwa mzito, mwenye mashavu, na alikuwa na tabia ya kunivuta hereni akishikwa na usingizi. Nilimpenda mtoto yule kupita kiasi, na sioni haya kulisema.

Kisha Ochieng akaugua. Alianza kuhara, akakataa uji, mashavu yakaisha. Akinyi alimpeleka zahanati akapewa dawa, lakini pia alimpeleka kwa mhubiri mmoja aliyekuwa amepiga hema karibu na reli, mtu wa kupita tu, ambaye hata hakujua tunaishi wapi. Huyo akamwambia kwamba kuna mtu wa karibu anayeiba nyota ya mtoto, mtu anayemshika kila siku na hana wake. Hakutaja jina, na maneno hayo baadaye yalizunguka ploti nzima. Lakini Mwende, angetaja nani mwingine?

Asubuhi iliyofuata Akinyi hakugonga. Nikasubiri, uji umepoa. Nilipotoka nikamwona ameketi mlangoni kwake na Ochieng mapajani, hakwenda sokoni, na nilipomsalimia alimfunika mtoto kwa kanga kama mtu anayezuia jua. Jua lenyewe halikuwepo.

Jioni hiyo nilikuwa nachambua maharagwe nikamsikia akiomba. Unajua ukuta wa bati. Husikii kwa bahati, unasikia tu, utake usitake. Aliomba kwa Kijaluo, nikawa sielewi, halafu akahamia Kiswahili, na sijui kama alitaka nisikie au alisahau niko. Akasema, "Baba, huyu mwanamke tasa wa upande huu, mfunge mikono yake. Asimguse tena mtoto wangu. Mwondoe hapa."

Maharagwe yalinimwagika yote. Baba yako aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni nalia, na nilipomweleza akasema basi tutahama, ploti ni nyingi. Hapana, nikamwambia. Siondoki. Nitaombea nyumba hii mpaka yeye ndiye aondoke.

Sasa kwa kanisa letu ilikuwa hivi. Ukiingia nyumba mpya, au ukiona mambo ndani hayaendi, unawaita akina mama Jumamosi. Wanaingia na wimbo, wanaombea mlango, wanaombea kitanda, jiko, sufuria, kila kona inaguswa, halafu ndio mnakunywa chai. Aliyetuongoza alikuwa Susu Kalondu. Susu ni nyanya kwa Kikamba chetu, na alikuwa nyanya wa kila mtu hata wale asiowapenda. Mfupi, sauti imekwaruza, anafulia watu nguo juma zima, na mafuta yake ya kuombea aliyabeba kwa chupa ndogo iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi. Ungesikia harufu ya dawa ya kikohozi maombi yote.

Kabla hawajaanza niliwavuta wale akina mama wenzangu nikawanong'oneza shida yangu. Si unajua sisi, habari haikukaa. Mmoja akasema hiyo ni vita, na mshale lazima urudi kwa aliyeutuma. Wakaanza kukunja mikono ya sweta. Nami nikawapanga, naapa, nikawapanga kama waimbaji, nyuso zote zimeelekea ukuta wa Akinyi. Nilitaka asikie kila neno. Nilijua yuko ndani, maana Ochieng alikuwa akilia kile kilio cha mtoto aliyechoka kulia.

Susu Kalondu alikuwa bado mlangoni anafuta matope. Akaingia, akatutazama, akatazama ukuta. Akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, nyumba yangu inaishia wapi. Nikamwonyesha lile bati. Akaniuliza ya Akinyi inaanzia wapi. Hapo nikaona anakokwenda. Akasogea karibu, akapitisha kidole pale baba yako alipokuwa amepigilia msumari wa kutundika koti. Ule msumari ulikuwa umetokea upande wa pili, na Akinyi aliukunja na kutundikia mwiko wake. Miaka yote hiyo hatukuwahi kugombana juu yake.

"Bati ni moja," Susu akasema. "Nikipaka mafuta hapa nitakuwa nimepaka nyumba ya nani? Au unataka Mungu asikie upande mmoja wa bati?"

Nikamwambia, Susu, yeye ndiye aliyeanza. Ameniita tasa mbele za Mungu.

Basi akanigeukia, na hapo ndipo aliponikemea, Mwende, mbele ya wale wanawake wote, bila kupandisha sauti. "Nimesikia alivyokuita, na ni vibaya. Lakini mimi sikutoka kwangu na matope haya kuja kukushikia rungu. Mtoto anayelia hapo, asubuhi hulishwa na nani? Huyu mama ameogopa kufiwa, akaambiwa uongo. Wewe umeumia, unataka kumwambia uongo mwingine mkubwa kuliko huo. Nyumba ikiombewa hivyo, ni nani atakaa ndani yake?"

Kisha akakataa kuomba. Akatia chupa yake mfukoni, akaniambia niombe mwenyewe, na nimwombee mtoto.

Nilisimama pale nikimchukia Susu Kalondu kwa moyo wote. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia Mungu kuhusu Akinyi, nilikuwa nimeyapanga wiki nzima. Nikaweka mkono kwenye bati kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama. Lilikuwa baridi, na lilikuwa linatetemeka kidogo, nikatambua kwamba Akinyi ameegemeza mgongo upande ule, anambembeleza mtoto kwa kuyumba. Alikuwa hapo hapo. Tulikuwa tumetenganishwa na bati tu. Na mimi maneno yangu yote yakanipotea, nikalia, nikasema, "Bwana, Ochieng apone. Ochieng ale. Ochieng alale." Sikuweza kuongeza kitu.

Ukuta ukaacha kutetemeka. Halafu upande wa pili, chini chini, nikasikia Akinyi akisema, "Amina."

Susu Kalondu akatoa chupa yake, akapaka mlango, akasema chai iko wapi.

Sitakudanganya kwamba Akinyi alikuja mbio kunikumbatia. Siku hiyo hakutoka. Ochieng alipona polepole, na kilichomponya ni dawa ya zahanati na maji ya kuchemshwa, maana nesi alisema ni maji tu yaliyokuwa machafu, na baadaye sisi wote tukaanza kuchemsha. Lakini asubuhi moja wiki iliyofuata, nikiwa nafagia mlangoni, Akinyi akatoka na karai lake kichwani tayari kwenda sokoni. Akanisogelea, akaniwekea mtoto mikononi. "Shika," akasema, akaenda zake. Hakuniomba msamaha na mimi sikumdai. Nilirudi ndani nikamkumbatia Ochieng, naye akaishika hereni yangu akaivuta mpaka nikapiga kelele, na Akinyi mbali kule njiani nikamsikia akicheka.

Miaka ikaenda. Wewe ukazaliwa, na wa kwanza kuniita Mama Mwende alikuwa Akinyi, aliliita kwa nguvu ploti nzima isikie. Kisha akaugua ugonjwa ambao haukuwa wa kupona. Nilimwosha, nilimpikia, na siku za mwisho aliniomba niombee nyumba yake. Nikaombea kitanda, jiko, mlango, vile Susu alivyotufundisha. Nilipomaliza, alimshika Ochieng mkono, wakati huo ni kijana wa shule, akauweka kwenye mkono wangu, akaniambia kwamba yeye hana mwingine wa kumwachia. Akafunga macho. Aliishi siku chache tu baada ya hapo.

Kaka yako aliyekubebea godoro ngazi zote hizo mpaka orofa ya juu wiki iliyopita, akitokwa jasho na kukutania kwamba una vitu vingi, ndiye huyo. Ulijua amezaliwa na Akinyi, hatukukuficha. Ambalo hukujua ni kwamba ningeomba vile nilivyotaka kuomba ile Jumamosi, na Akinyi asikie, hangenikabidhi hata kikombe, sembuse mwanawe. Hungekuwa na kaka.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ombea nyumba yako, tena usichelewe. Anza na mlango, umwombee kila atakayeingia na kila atakayetoka. Weka mkono juu ya kitanda, juu ya jiko, juu ya meza ambayo mtoto atasomea. Omba mwenyewe kwa mdomo wako, hata kama maneno ni machache, kabla hujaita mtu wa kupaza sauti. Mtoto akikohoa, mpeleke hospitali kwanza, na maombi mwende nayo njiani. Lakini kabla ya yote hayo, vuka hapo mlangoni ubishe kwa yule mama. Mwulize anaitwaje. Mwulize mtoto wake anaitwaje, na kama anaumwa pia. Huko kwenu kuta ni za mawe, huwezi kusikia mwenzako akilia upande wa pili, kwa hivyo itakubidi utembee zile hatua mbili tatu ambazo sisi bati lilitupunguzia. Huenda anakuangalia vibaya kwa sababu hakuna aliyemsalimia tangu ahamie. Na kama ni mkorofi kweli, basi ni mkorofi unayemjua jina, na ukimtaja kwa Mungu utamtaja vizuri. Mhubiri akikuambia adui yako ni jirani, mwulize kama amewahi kunywa chai kwake.

Mungu aibariki nyumba yako, Mwende, mlango wake, kitanda chake na sufuria zake. Ambariki mtoto apumue vizuri na alale usiku kucha. Aibariki na ile nyumba ya pili, pamoja na mama aliye ndani yake ambaye bado hatujui jina lake. Na siku utakapolemewa, usikose mtu wa kumwekea mtoto wako mikononi.