Vidogo Ndivyo Mbegu

Nimewaambia kuandika si kazi yangu, vidole hivi vimezoea jembe, lakini mmeniganda kama kupe. Haya, someni.

Bibi Mbegu aliitwa hivyo kwa sababu nusu ya mashamba ya viazi ya hapa yalianzia kwenye kapu lake. Miaka thelathini hakuomba mbegu kwa mtu. Vikubwa vililiwa, vidogo vikawekwa kapuni, uvunguni mwa kitanda, hadi msimu wa kupanda. Halafu majani yakaanza kujikunja na kuingia madoa ya manjano. Viazi vikatoka kama kokoto.

Akamgeukia mke wa mwanawe. "Tangu uingie shambani kwangu viazi vimenuna. Una mkono mchungu wewe. Kaoshe vyombo."

Mkwe akaenda kuviosha. Lakini alikuwepo siku bwana shamba alipokuja na kugeuza jani moja. Chini yake vidukari walijaa kama ufuta uliomwagika.

"Bibi, hawa wananyonya ule mnavu wa mpakani, una ugonjwa, kisha wanauhamishia kwenye viazi. Ung'oe. Na mbegu unachaguaje?"

"Vidogo ndivyo mbegu."

"Shina linaloumwa ndilo linalozaa vidogo, Bibi. Unachagua wagonjwa, unawapanda."

"Mnavu huo ulikuwepo baba yako hajaota ndevu," akasema Bibi, akamwonyesha njia.

Mkwe akaenda kulima kipande cha mama yake mzazi kwa mbegu safi ya bwana shamba. Magugu aliyafyeka yote. Kila shina lililojikunja aliling'oa, viazi vyake akavitupa kwenye debe bovu, vichemshiwe nguruwe. Mashina yaliyobaki yakazaa mpaka magunia yakakosa pa kukaa.

Msimu huo Bibi hakuvuna hata cha kuonja. Akabeba kapu tupu, akapita mbele ya majirani wote hadi kwa mkwe.

"Nipe mbegu, mwanangu."

"Leo mimi mwanao? Mkono wangu mchungu, mama." Akalichukua kapu hata hivyo, akaliendea lile debe, akavimimina viazi vyake kapuni huku Bibi anamtazama. "Vidogo, kama unavyopenda."

Bibi alijua. Lakini kuvikataa ni kukiri, majirani wamesimama pale, kwamba bwana shamba alisema kweli. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuvipanda vyote.

Havikufika hata maua. Siku hizi anaokotaokota masazo kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na mnavu wake umestawi, haugusi.

Shamba lake limepakana na langu. Nyie mliotaka habari hii, njooni Jumamosi na majembe yenu. Mtang'oa mnavu, yeye nitamshika mimi.