Gia Nne za Kurudi Nyuma

Aliyempa mpwa wangu jina la Vumilia hakumjua. Anauza mchele hapa Kahama, na ukiigusa mizani yake kwa kidole utajuta. Hasira karithi kwao. Akili karithi kwangu mimi mjomba, niliyeishia darasa la tano kwa sababu ya wivu wa walimu.

Mumewe Donatus alifariki akamwachia Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa chura, giaboksi imesagika. Eustace, kaka wa marehemu, mtu mwenye tumbo la kukaa na mdomo wa kutembea, alisimama msibani akatangaza kwamba gari lisilotembea ni chuma, na chuma cha marehemu ni cha ukoo. Simpendi Eustace na sifichi.

Vumilia akainuka na kanga yake ya msiba. "Likitoka getini kwa injini yake?"

"Likitoka siku ya kikao cha ukoo, mayu, lako," Eustace akajibu, akimwita mama kwa kejeli.

Wakacheka, kaburi hata halijakauka.

Giaboksi ya kufanana haikupatikana. Mimi ndiye niliyefika Nyarugusu nikaikuta kwenye Kombi bovu, nyuma ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Nikamwambia Vumilia kwamba Kombi na gari lake ni mtu na mdogo wake. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu nilijua magari kabla hajaota meno.

Injini aliishusha mwenyewe uani, kando ya sufuria, kama alivyokuwa akimsaidia mumewe. Kila nati iliyogoma aliiita Eustace. Kombi lilikuwa na vigiaboksi vidogo kwenye magurudumu. Nikasema hayo mapambo, tupa. Tukafunga ekseli za zamani kwenye giaboksi mpya.

Siku ya kikao wazee walikaa kwenye viti vya plastiki. Gari lilielekea jikoni, matako getini, na Eustace alichagua kivuli cha ukuta wa jiko. Vumilia akawasha, akatia gia ya kurudi nyuma.

Gari likaenda mbele.

Eustace aliruka kwa wepesi ambao ukoo haukuwahi kuuona. Kiti chake kilivunjika chini ya bampa. Akajipangusa suruali, akasema hata gari lenyewe limemkataa mwanamke huyu, aitwe mnunuzi wa vyuma chakavu.

Vumilia alinitazama. Sitaki kutazamwa vile tena. Kisha akatia gia namba moja, gari likarudi nyuma. Namba mbili, likapita getini. Akatia ya tatu, akaenda kinyumenyume hadi barabara ya Buzwagi, bodaboda zikimpisha, kuku wakikimbilia kwa majirani.

Alirejea taratibu kwa ile gia ya nyuma, uso wa gari mbele, machozi yanamtoka, meno ameyauma. Akalisimamisha, bampa ikigusa magoti ya Eustace.

"Limetoka, shemeji. Hukusema kwa gia ipi."

Wazee wakainuka mmoja mmoja. Eustace alitafuta pa kukaa, hapakuwa.

Vumilia akanigeukia. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Vile vigiaboksi ulivyoviita mapambo ndivyo vilivyokuwa vinageuza mzunguko. Krauni, lile gurudumu la meno ndani ya giaboksi, inabidi igeuzwe upande. Chukua spana, ingia chini."

Niliingia. Nilimeza oili, nikatukanwa hadi jioni. Lakini akipita leo mbele ya kwangu, anaenda mbele kama watu, nawaambia wote: giaboksi ile nilileta mimi.