Vidonda vya Rafu ya Juu

Kwa miaka kumi na tisa alisafisha vizimba, akabadilisha maranda na kujaza chupa za maji, hadi maabara nzima ikamwita Baba Panya. Jina halikumuudhi. Ila alikuwa na huruma ya kupitiliza, mtu wa kumwomba panya samahani kabla ya kumkamata mkia.

Ndiyo maana panya wa rafu ya juu walipong'atana na kupata vidonda, aliwasafisha kwa pamba na dawa kila asubuhi, wala hakumwambia mtu. Panya hao walikuwa wakipewa dawa mpya, inayozuia kimeng'enya kinachochochea uvimbe mwilini. Viungo vyao vilivyokuwa vimevimba vilikuwa vimenywea, wanapanda nyavu kwa raha zao. Daktari aliyeongoza utafiti alibakiza swali moja tu: je, dawa haiui kinga yao dhidi ya vijidudu? Vidonda vikapona, na ripoti ikaandikwa kwamba haiui.

Mdogo wake Baba Panya, ambaye vidole vilimpinda kwa uvimbe wa viungo hata kikombe hashiki, akaandikishwa kati ya watu wa kwanza kuijaribu.

"Kaka, Jumatatu naanza," alimwambia. "Nikipona nitakufulia hayo makoti yanayonuka panya."

Wakacheka wote wawili. Kisha mafua makali yakamlaza Baba Panya siku tatu.

Aliporudi Ijumaa, panya wanne wa rafu ya juu walikuwa wamekufa, vidonda vipya vya kung'atana vimetunga usaha. Wa rafu ya chini, wasiopewa dawa, walikuwa na vidonda vilevile, vimekauka vyenyewe. Kumbe kinga ya wale wa juu ilikuwa yeye na pamba yake.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa daktari na kueleza yote.

"Mzee wangu, kweli umenifanyia hivi?" daktari aliuliza. Akapiga simu kusimamisha majaribio, kisha akamwambia aache funguo mezani.

Nyumbani mdogo wake alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Machozi yalimtoka, hata kuyafuta ikawa kazi.

"Si ungenyamaza tu, kaka? Ungenisafisha na mimi kila asubuhi, kama wao."

Njia nzima ya kurudi Baba Panya alikuwa akiwaza hilohilo. Akachukua leso, akamfuta.

"Nililala siku tatu tu, mdogo wangu," akasema. "Siku tatu tu."