Uyoga wa Nyota Uliofunguka Kiangazi

Nilikuwa darasa la pili huko Tetu, uhuru ukiwa bado mpya na wazee wakikosea maneno ya wimbo wa taifa, nilipompulizia mdogo wangu Wangari moshi wa uyoga machoni. Nasema waziwazi, maana nimechoka kuzungukazunguka.

Cucu, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha kuutambua uyoga huo tulipokwenda kuokota kuni. Alinidekeza kupita kiasi kwa sababu mimi, kifungua mimba, nilibeba jina lake. "Usitafute chini ya kahawa," aliniambia. "Tafuta chini ya mitarakwa, pale majani makavu yamelundikana." Na kweli hapo ndipo ulipokuwa: kitumbo cha mviringo chenye kitundu juu, kimekalia ngozi nene iliyopasuka vipande sita au saba kama miguu, nyota kabisa. Uyoga mwingine wa vumbi hauna miguu hiyo. Ukiubonyeza, unga wa kahawia unaruka. Mvua ikinyesha miguu hujikunjua, na kiangazi hujikunja ikakifunika kitumbo. Cucu alisema hizo ni nyota zilizoanguka, na kwamba moshi wake ukimwingia mtu machoni unamficha jua.

"Hiyo kitu si ya kucheza nayo," alisema. Basi nikaenda kuichezea, mtundu mimi.

Wangari alikuwa na miaka mitano, ndiyo kwanza anainuka kutoka kwenye surua. Macho yake yalikuwa mekundu hata kabla ya moshi wangu, nakumbuka vizuri, alishinda akiyasugua. Nilibonyeza kile kitumbo mbele ya uso wake, akapiga chafya, tukacheka mpaka tukaanguka. Kesho yake hakuweza kufumbua macho kwa usaha.

Nilipokiri, Cucu hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alikwenda msituni akarudi na nyota moja iliyojifunga, akaiweka juu ya kifuniko cha mkebe kando ya kitanda cha Wangari. "Ikifunguka yenyewe, moshi umetoka," alisema. "Lakini msimvushe mto kabla ya hapo. Macho yatabaki huko ng'ambo." Hospitali ilikuwa mjini, ng'ambo ya mto. Baba alikuwa kazini Nanyuki, na asipokuwepo, neno la mama yake ndilo lililokuwa sheria ya boma.

Mama alivumilia siku tatu. Mvua haikuwepo, wala dalili yake. Jioni ya siku ya nne alisema, "Mimi nimechoka na uyoga. Kesho asubuhi nampeleka hospitali."

"Ukimvusha utarudi na mtoto hana macho," Cucu akamjibu. "Halafu usiniambie ati sikukwambia."

Nilimwamini Cucu. Akilini nilimwona Wangari akivushwa na macho yake yakibaki kule kama viatu vilivyosahaulika, na aliyemtia moshi ni mimi. Asubuhi, wale wawili walipokwenda kukama, nilichota maji kwa kiganja nikaidondoshea ile nyota. Ikaanza kujikunjua, mguu mmoja baada ya mwingine. Nikafuta kifuniko kwa gauni langu, nikatoka mbio.

"Cucu! Nyota imefunguka!"

Alikuja maziwa yakimwagika njiani. Aliitazama, akalia, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mama alikuwa tayari amefunga kitambaa chake cha kwendea mjini. Aliiangalia nyota kwa muda, akamwangalia Wangari, kisha akakifungua kile kitambaa polepole. Hata yeye alitaka kuamini. Mama gani asingetaka?

Tukangoja wiki nzima, huku usaha ukizidi. Mwishowe Mama alimbeba mgongoni bila kuaga mtu. Daktari alimwambia, "Hii ni surua, mama. Uyoga haukufanya kitu. Mngekuja wiki iliyopita tungeokoa hata jicho moja."

Mama aliyarudia maneno hayo nyumbani mara moja tu. Cucu hakuyasikia. Mpaka anakufa aliwaambia watu kwamba nyota ilikuwa imemponya mtoto, na ni mama yake mwenye kichwa ngumu aliyemvusha mto haraka. Pale kanisani wanawake walimtazama Mama kwa jicho hilo. Nami nilikuwepo, msichana mkubwa, nikanyamaza. Nilimwacha abebe lawama yangu mpaka tukamzika.

Kwa miaka mingi nilimchukia Cucu, na ilinifaa kumchukia. Lakini yeye aliamini alichosema. Katika nyumba ile yote ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba yale yalikuwa maji.

Wiki iliyofuata mazishi ya Mama nilimwendea Wangari. Alikuwa akipukuchua mahindi, vidole vyake vina kasi kuliko vyangu. Nilimweleza yote, maji, gauni, kila kitu, nikangoja anifukuze.

Hakusimamisha mikono. "Nilikusikia," alisema. "Sikuwa nimelala. Nilisikia maji yakidondoka, nikajua unanitengenezea dawa. Nikasema, dada yangu ananipenda."

Akanisogezea hindi lingine nimsaidie. Afadhali angenitukana.